Eucabeth Gesare Nyakundi: Majani Yapimwe, na Mwenye Majani Apimwe

Eucabeth Gesare alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 huko Gesima, asubuhi ya ukungu mzito, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kuota mchana. Mamake akimtuma kuchuma chai, alimkuta amesimama katikati ya mistari, kikapu kitupu, akitazama mawingu yakishuka. Shule, hata hivyo, hakuichezea. Alisomea Gesima, kisha akahitimu uuguzi mjini Kisii mwaka 1981.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Jasper Nyakundi, mkulima wa Itumbe, wakajaliwa Mokeira na Eric.

Mwaka 2004 alienda kufanya kazi Minneapolis, Marekani. Theluji ya kule, alisema, ni ukungu wa Gesima uliosahau kuondoka. Alijiunga na kanisa la Wamarekani Weusi, ambako presha ilikuwa ikiwamaliza akina baba kimyakimya. Yeye na akina mama wenzake wakaanza kupima watu baada ya ibada. Lo! Jumapili ya kwanza kanisa zima likaonekana lina presha. Kumbe watu walikuwa wametoka kuimba na kuruka! Walicheka mpaka machozi, wakahamishia kipimo kabla ya wimbo wa kwanza. Baadaye familia zile zikawa zinatembea pamoja jioni kando ya ziwa, zikiimba polepole, na Gesare akiona vilima vya kwao ng'ambo ya maji.

Aliporudi mwaka 2016, aliweka kiti chake kwenye kituo cha kununulia majani chai. "Majani yapimwe, na mwenye majani apimwe," aliwaambia wakulima, nao wakakunja mikono ya mashati. Mganga hajigangi: aliyekataa alikuwa mumewe.

"Mama Mokeira, ukiita ugonjwa kwa jina, utaitika," Jasper alimjibu kila mara. "Wachana na mimi."

Jambo hilo lilimuuma Gesare sana.

Mwaka jana aliugua saratani. Siku za mwisho alisinzia akizungumza na rafiki zake wa kando ya ziwa. Tarehe 9 Mei 2025, nyumbani, alifumbua macho akauliza, "Baba Mokeira, umepimwa?" Hakusema tena.

Familia ilipoketi kuandika wasifu huu, Jasper alinyoosha mkono. "Nipimeni kwanza, ndio muandike." Presha ilikuwa juu sana. Ameanza dawa.

Marehemu ameacha watoto wawili, Mokeira na Eric, mjukuu wake Ashley, rafiki wengi hapa na ng'ambo, na mume aliyepimwa. Alale salama katika ukungu wa Gesima. Swali lake limejibiwa.