Mwalimu Klara na Sheria za Mrushaji

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, walimu, wanafunzi, ndugu na majirani mliopanda mlima huu kuja kutufariji, familia inaomba dakika chache kuwaeleza alikuwa nani huyu tunayemsitiri leo.

Mwalimu Klara Cosmas Shemhilu alizaliwa tarehe 2 Mei 1972 hapa Gare, mtoto wa tatu wa mzee Cosmas Shemhilu na mama Bertha, na tangu utotoni alijulikana kwa mbio na kwa ubishi, mambo mawili ambayo mama yake alisisitiza kwamba hakuyatoa kwake. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akaendelea na sekondari Lushoto hadi 1990, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Korogwe, akahitimu mwaka 1993. Alianza kazi huko bondeni Mnazi, akahamishiwa Gare mwaka 1998, na tarehe 12 Juni 1999 alifunga ndoa na Ndugu Benjamini Shekiondo, wakajaliwa watoto wawili, Edgar na Glory.

Mwaka 2005 parokia rafiki ya Nebraska, Marekani, ilimfadhili kusoma elimu ya michezo kwa mwaka mmoja, akawaacha watoto kwa bibi yao, akaenda. Huko ndiko alikoujua mchezo ambao wengi wetu tuliufahamu kupitia kwake, wa mpira wenye umbo la yai unaoshikwa kwa mikono, ambamo mchezaji mmoja, mrushaji, huupokea mpira, hutazama nani yuko wazi, akamrushia, huku wapinzani wakimkimbilia kumwangusha. Aliporudi Julai 2006 sanduku lake lilikuwa na mipira miwili ya namna hiyo, na mumewe, aliyekuwa amejiandaa kupokea viatu, akapokea mipira.

Alihamia sekondari ya kata, akaanzisha timu katika kiwanja cha parokia, kwa kuwa ndipo pekee penye tambarare. Sheria za mrushaji alizirudia mpaka watoto wakawa wanaziitikia kwa pamoja: mpira wa mbele urushwe ukiwa bado nyuma ya mstari mlipoanzia, ukishauvuka kimbia nao lakini usiurushe mbele tena, kila jaribio lina mpira mmoja tu wa mbele, usiutupe pasipo na mwenzako kwa kukwepa kukamatwa, na mrushaji akishauachia mpira, asiguswe.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo iliyomletea mtihani. Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2014 timu yake ilicheza na vijana wa Mnazi, mwenyewe akiwa mwamuzi, na mrushaji wetu, Alen, mtoto wa mama Hadija, aliurusha mpira vizuri, watu wote wakageuza macho kuufuata, na wakati huo kijana wa Mnazi aitwaye Faraji alimvaa kwa nyuma, Alen akaangukia jiwe la pembeni, akavunjika mtulinga. Mwalimu alipiga filimbi, lakini wazazi walikwisha kuingia kiwanjani kumtafuta Faraji, naye akasimama mbele ya kijana huyo, akanyoosha mikono, akasema, "Atakayemgusa aanze na mimi," na aliyewahi kumwona Mwalimu akisema hivyo anajua kwamba walirudi.

Kwenye kikao cha wazazi mama Hadija alisimama akasema maneno machache tu: "Mwalimu, mwanangu nilikukabidhi akiwa mzima." Mchezo ukapigwa marufuku siku hiyo, na Mwalimu Klara, kwa ubishi wake wote, alikusanya mipira akaenda nayo nyumbani.

Alen ndiye aliyekuwa akimbebea mama yake kabichi kutoka shambani hadi barabarani, kwa hiyo jumatatu iliyofuata Mwalimu alimwamsha mumewe alfajiri, wakapanda hadi shambani kwa mama Hadija, wakajitwisha kabichi. Msimu mzima walibeba, yeye kabla ya vipindi, Benjamini hadi mchana, na kwa muda mrefu mama Hadija aliitikia salamu tu. Siku moja wakiwa wanapumzika aliuliza, "Hivi yule kijana alimwangushia nini mwanangu, na mpira hakuwa nao?" Mwalimu aliinuka, akachukua kabichi, akamrushia Benjamini, akasema, "Tazama, dada. Ikiwa mkononi mwangu, una haki ya kunikamata. Nikishaiachia, mimi nimemaliza, mfuate Mgosi, mume wangu, kule." Mama Hadija akauliza, "Sasa mbona yeye hakujua?" Mwalimu akamjibu, "Kule wana mpira, hawana wa kuwafundisha." Ndipo mama Hadija akasema, "Basi si uende ukawafundishe?"

Akaenda. Kila jumamosi aliteremka Mnazi, akawafundisha Faraji na wenzake namna ya kusimama mkono wa mrushaji ukiwa tayari umeachia, jambo ambalo ni gumu kuliko kukimbia, na Januari 2016 mama Hadija mwenyewe ndiye aliyeomba kwenye kikao mchezo urudishwe, kwa sharti kwamba vijana wasiangushane, wavae utepe kiunoni na anayekamatwa anyofolewe utepe, na hivyo ndivyo unavyochezwa hadi leo. Alen hakurusha tena, mkono wake haunyanyuki kupita bega, leo ni dereva wa magari ya mboga, na ndiye aliyeuleta mwili kutoka Moshi. Faraji anafundisha timu ya Mnazi.

Mwezi Novemba 2024 Mwalimu alianza kusumbuliwa na tumbo, akatibiwa hospitali ya wilaya, akapewa rufaa Moshi, ambako aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alirudi nyumbani mwezi Aprili kwa kupenda kwake, alirejeshwa hospitali Juni alipozidiwa, na alifariki jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa tano asubuhi, mumewe na watoto wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lushoto na Moshi, walimu wenzake, jumuiya, na majirani, kwa namna ya pekee mama Hadija, aliyelala chini ya kitanda chake miezi hiyo yote akimgeuza na kumnywesha uji, wala hakutaka kupokezana na mtu.

Mwisho ni tangazo, nalo ni agizo la marehemu mwenyewe. Mechi ya leo na Mnazi haijaahirishwa, itaanza saa kumi na nusu katika kiwanja cha parokia, na wachezaji wa pande zote mbili mnaombwa mkishaweka udongo mtangulie mkabadili nguo, chakula chenu kimetengwa. Alisema mkichelewa atajua.

Pumzika kwa amani, Mwalimu Klara, umemaliza, hakuna wa kukugusa.