Filamu Aliyoitangaza Kabla ya Kuiona

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika Ukumbi wa Filamu wa Mwamko, hapa Huruma, Bi. Wavinya Mbaluka anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu alinionya niseme ukweli mtupu, nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya, Madam, nimesikia.

Alianza mwaka 1994 akiuza tiketi dirishani, akapanda kuwa mpokezi wa wageni, na mwishowe msimamizi wa maonyesho yote. Mimi, Walter Ooko, fundi wa mitambo, nilimkuta hapa na sasa ananiacha hapa, jambo ambalo silipendi hata kidogo.

Kilichomjengea jina ni ubao wa mlangoni. Kila filamu iliyofika aliiona kwanza peke yake, kisha akachukua chaki na kuwaandikia watu watakachokikuta ndani. “Ngumi ni chache, machozi ni mengi.” “Mwisho utaununia, lakini utaukumbuka.” Kuna moja aliyoiandikia “Bora mkalale,” na bado watu wakaingia, eti wanataka kuhakikisha.

Ubao huo ulizaliwa na helikopta. Tuliletewa bango lenye helikopta inayowaka moto, na vijana wakafunga safari kutoka mtaa wa Pipeline, ng'ambo ya jiji, kuja kuiona. Ndani ya filamu, helikopta ikapita juu ya mlima kwa mbali, ndogo kama nzi, ikaenda zake. Lo! Siku hiyo tulikiona cha mtema kuni. Watu waligoma kutoka mpaka waonyeshwe helikopta yao. Filamu yenyewe ilikuwa nzuri, hadithi ya ndugu wawili waliogombana wakaja wakapatana, lakini nani aliiona? Wote walikuwa wakingoja moto.

Hapo ndipo Bi. Wavinya alipoanza kusema kwamba hakuna anayeingia ukumbini mikono mitupu. Kila mtu huja na filamu yake kichwani, aliyoitengeneza njiani, na hii yetu inashindanishwa na hiyo. Yetu hushindwa mara nyingi, kwa sababu ile ya kichwani haina gharama na mwigizaji mkuu ni yule umpendaye. Kwa hivyo yeye aliona ni haki kumtayarisha mtu mlangoni, akiingia aingie akijua.

Tulibishana sana juu ya hilo. Mimi nilishikilia kwamba filamu nzuri itajitetea yenyewe, na kwamba ukimpunguzia mtu hamu unampunguzia na utamu. Meneja wetu wa zamani, Bw. Phares, alikuwa upande wangu, ingawa kwa sababu zake za mfukoni. Bi. Wavinya alitusikiliza sote wawili kwa heshima, kisha akaenda kuandika alivyotaka.

Halafu ikaja ile filamu iliyopigwa hapa jirani, bondeni Mathare. Watengenezaji walikuja na kamera zao wakawaomba wakazi wapite nyuma ya waigizaji. Mmoja wao alikuwa Mutie, kijana wa kusukuma mkokoteni wa maji, mwana wa pekee wa Kaluki, yule Mama Mutie anayetuuzia maandazi hapo langoni. Kabla filamu haijakamilika Mutie alishikwa na homa ya mapafu, akafariki. Mama yake alibaki na picha ya kitambulisho tu. Simu iliyokuwa na jumbe za sauti za mwanawe iliibwa hata kabla ya matanga kuisha.

Filamu ilitufikia mchana wa siku ya kuonyeshwa. Bi. Wavinya hakupata nafasi ya kuitazama, na nadhani kwa mara ya kwanza hakutaka kutazama kabla ya wenzake. Alichukua kipaza sauti akaizunguka Huruma yote hadi bondeni Mathare: “Njooni mjione! Mama Mutie, njoo umwone mwanao!” Nilimsikia nikiwa kwenye chumba cha mitambo, nikafurahi kwamba hatimaye amenikubalia.

Ukumbi ulifurika. Watu waliona mabati yao, mto wao na migongo yao, na mama mmoja akapiga kelele, “Huyo ni jogoo wangu!” Mama Mutie alikaa mbele kabisa, amevaa sare yake ya kanisa. Mkokoteni ukapita, unasukumwa na mtu mwingine. Filamu ikaisha, majina yakapanda, taa zikawaka, na Mutie hakuonekana popote. Mama hakulia wala kulaumu mtu. Aliuliza tu kama kuna sehemu ya pili.

Swali hilo lilimchoma Bi. Wavinya. Alijua kwamba filamu iliyokuwa kichwani mwa yule mama ni yeye aliyeitia humo, kwa kipaza sauti. Jumatatu alikwenda mjini kwenye ofisi ya watengenezaji, akaketi mapokezini na chupa yake ya chai, akasema haondoki. Binti mmoja wa uhariri, Maurine, alimhurumia akaanza kufukua vipande vilivyoachwa, mpaka akampata Mutie. Bi. Wavinya alikitazama kipande hicho kabla ya kukibeba. Lakini kwa mama hakueleza mengi, alimwambia tu kwamba mwanawe yumo, na kwamba kipande ni kifupi.

Tulikionyesha asubuhi, ukumbi mtupu, wao wawili wamekaa pamoja katikati. Mutie anatokea na mkokoteni wake. Sauti ya mwongozaji inamwagiza apite kama vile hakuna mtu hapo. Anapita, anaigeukia kamera: “Niaje!” Wanarudia. “Mambo, wasee!” Wanarudia tena. Safari hii amebana midomo, anakaribia kabisa kufaulu, halafu inamshinda: “Poleni na kazi!” Mwongozaji anacheka cheko la mtu aliyechoka, na Mutie anajitetea kwa kumtaja mama yake, “Sasa nitampita mtu aje bila kumsalimia? Mathe ataniua.” Ndiyo maana walimtoa, wakampa mwingine mkokoteni.

Mama Mutie alikuwa amekuja kutafuta sura, na sauti ndiyo iliyomfikia kwanza. Alisimama, akashika kiti cha mbele yake, akaijibu skrini kwa heshima zote: “Asante, mwanangu. Pole na kazi na wewe.” Mimi huko juu nililia, siwafichi, na mtambo ukabaki ukiendelea bila picha.

Baadaye nilimchokoza Bi. Wavinya kwa mabishano yetu ya zamani: je, mama yule alipata alichokitarajia? Akanijibu kwamba la, hakukipata, na ashukuriwe Mungu. Angekipata, angemwona kijana anapita kimya mbele za watu kama asiyefunzwa kwao. Tangu hapo sijabishana naye tena kuhusu filamu.

Wenzake tumejifunza kwake uaminifu, ucheshi, na namna ya kumwendea mtu uliyemkosea bila kungoja kuitwa mkutanoni. Ukumbi huu umesimama kwa sababu watu waliamini chaki yake.

Bi. Wavinya, tunakushukuru. Kuanzia kesho ingia kama mtazamaji, hujui mwisho, na usimuulize Walter. Mungu akupe afya, akupe wajukuu wenye kelele, na siku zilizo mbele zizidi hata zile ulizoziwaza. Mama Mutie ndiye anayetuletea maandazi ya sherehe, na ametuomba tumwachie yeye aseme la mwisho kwa niaba yetu sote. Tulipomuuliza atasema nini, alisema ni neno fupi tu: pole na kazi.