Mama Léocadie Mwavita na Benchi la Jumatano

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Mama Léocadie Mwavita atakabidhi funguo za chumba cha kupimia macho cha kituo chetu cha afya, baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitatu ya kazi. Alifika kwetu Kasongo tarehe 18 Machi 1991, muuguzi kijana kutoka Kabambare, akiwa ametumwa kwa miezi sita tu kumshikia nafasi mwenzake aliyekwenda kujifungua. Mwenzake akahamia Kindu na mtoto wake, na Mama Léo, kama wote tunavyomwita, akabaki.

Alikuja akijua Kibangubangu cha nyumbani na Kiswahili. Kizimba, lugha ya wenyeji wa huku, alijifunzia hapa hapa, kwa wagonjwa, na makosa yake yalikuwa matamu kiasi kwamba wazee wengine walikuja kupimwa macho mazima ili wamsikie akisema. Wakati wa vita, kituo kilipoporwa mara mbili, alificha kisanduku cha lenzi za kupimia ndani ya gunia la mpunga jikoni kwake. Mumewe hakuambiwa, na nusura alipeleke gunia hilo mashineni likakobolewe. Lenzi hizo tunazitumia hadi leo. Mama Léo huapa kwamba siku za joto zinanuka mpunga.

Ametembea vijiji vyote vya kandokando ya mto Luama akigawa vidonge vya kuzuia upofu wa mto. Amefundisha wahudumu kumi na tisa wa vijijini kumtambua mtu mwenye mtoto wa jicho na kumleta apasuliwe. Mimi ninayeandika haya ni mwanafunzi wake pia. Mwaka 2012 alinishika mkono na kunionyesha jinsi ya kugeuza kope bila kumuumiza mgonjwa. Mgonjwa wa majaribio alikuwa yeye mwenyewe, na aliumia.

Hata hivyo, akiombwa aeleze kazi yake, Mama Léo haanzi na hayo. Huanza na kosa. Amelisimulia kwa kila mwanafunzi aliyepita hapa, na ameniruhusu nilisimulie tena.

Mwezi wa Aprili 2011 alikuja Fundi Abdallah Sumaili, mshonaji aliyejulikana pale karibu na soko kwa kanzu zake na sare za shule. Kwa muda mrefu alikuwa akijichoma sindano vidoleni na kulaumu uzi. Alipofika kwetu, presha ya jicho ilikuwa imekwisha kuua mishipa ya macho yote mawili. Foleni siku hiyo ilizidi watu arobaini. Mama Léo alimpima, akamweleza kwamba macho hayatarudi, akaandika kwenye fishi yake, yaani kadi ya matibabu, akamwita anayefuata. Anasema mwenyewe kwamba yote hayo yalichukua dakika nne.

Miezi miwili baadaye alikuja mke wa Fundi, Mama Faida, peke yake. Alikaa mpaka wagonjwa wote wakaondoka. Kisha akaeleza kwamba mumewe amegeukia ukuta tangu siku ile. Haendi msikitini hata Ijumaa. Watoto wanampelekea bukari, yaani ugali, na kuirudisha ilivyo. Cherehani ameamuru itolewe nyumbani, maana hakuweza kuvumilia kusikia mtu mwingine akiigusa. Na mara mbili amemuuliza mkewe ni njia gani ya kwenda mtoni ambayo watu hawaipiti sana.

“Mama, ulimuambia macho imekufa,” alisema Mama Faida. “Sasa mwenyewe naye anataka kufa, na mimi sijui dawa yake.”

Mama Léo alifunga rejista, wakaenda pamoja kwa miguu. Fundi hakuitikia salamu. Mama Léo aliketi chini kwenye mkeka, akamwomba msamaha. Alimwambia kwamba ukweli ule ulikuwa ukweli, ila yeye aliutoa vibaya na kumwacha nao peke yake. Akamweleza pia kwamba huzuni inayomkamata mtu baada ya kupoteza macho inaweza kugeuka ugonjwa kamili, kama malaria ilivyo ugonjwa, na kwamba unatibiwa. Fundi alimjibu neno moja tu, kwamba aende.

Alikwenda, na Jumatano iliyofuata akaja tena. Akaja na nyingine, na nyingine. Alimleta daktari, ambaye alimwandikia Fundi dawa za miezi kadhaa. Mama Faida na majirani walipangana zamu ili asibaki peke yake. Jumatano ya tano Fundi aligeuza uso kutoka ukutani, akauliza kama atazijua sura za watoto wake wakiwa wakubwa. Mama Faida anasema walilia wote watatu, chai ikapoa. Jioni ile Fundi alikula.

Kupona kulichukua karibu mwaka mzima, na kulikuwa na wiki za kurudi nyuma. Alijifunza kutembea kwa fimbo, kutoka mlangoni hadi kisimani, kisha hadi msikitini akiwa ameshika bega la jirani, kisha bila bega. Kushona hakurudia. Alisema vidole vyake vinakumbuka vizuri mno, na hilo linamuuma. Mama Léo hakumlazimisha.

Tangu wakati huo, pembeni mwa rejista, alianza kuandika kwa kalamu maswali matatu kwa kila aliyepungukiwa macho: analala? anakula? anatoka nyumbani? Msimamizi mmoja alimwambia kwamba rejista si daftari la shule. Mama Léo alimsikiliza kwa heshima zote, na kesho yake akaendelea kuandika. Ilipofika 2019 rejista mpya zilikuja na safu tatu za maswali hayo zimepigwa chapa. Siku hiyo alitununulia sote maandazi.

Mwaka 2013 alimwomba Fundi aje kila Jumatano akae kwenye benchi la mlangoni, karibu na wale waliotoka kuambiwa habari nzito. Fundi aliuliza atawaambia nini. Mama Léo akasema si lazima awaambie kitu. Ndivyo lilivyoanza benchi letu la Jumatano.

Mwaka uliofuata tulipata ujumbe kutoka kijiji cha Lusangi kuhusu mjane mzee, Mama Feza. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na sasa alikuwa akiwaonyesha watu watoto waliovaa nguo nyekundu wanaopita uani, watoto ambao hakuna mwingine aliyewaona. Ukoo ukagawanyika. Kuna waliosema ni wazimu, na kuna waliosema ni uchawi. Majirani waliacha kuchota maji pamoja na nyumba ile. Mwanawe Joël alikuwa akifunga mlango wa mama kwa kamba, kwa nje, na ilikwishaamuliwa kwamba Jumapili apelekwe kwa mtu anayefukuza mapepo, akalazimishwe kufunga bila chakula.

Mama Léo alipanda pikipiki, na Fundi akapanda ya pili. Walianguka mara mbili kwenye tope. Kwenye daraja la miti madereva walisita, lakini Fundi aliwahimiza wapite. Alisema yeye ndiye msafiri pekee asiyeogopa daraja lile, kwa kuwa halioni.

Uani kwa Mama Feza watu walikuwa wengi. Mama Léo alieleza kwamba macho yakiacha kupeleka picha kichwani, wakati mwingine kichwa hujitengenezea picha zake, na mwenye nazo ana akili timamu. Walimsikiliza bila kumwamini. Akamuuliza mzee kama watoto hao husema naye. Mama Feza alisema hawasemi. Akamuuliza kama anadhani ni watoto wa kweli. Mzee akasema hapana, anajua si wa kweli, maana wanakanyaga karanga zilizoanikwa na hasikii hata moja ikivunjika.

Bado Joël alisimama mlangoni na kamba yake mkononi. Hapo Fundi akasema jambo ambalo hawakulipanga.

“Mimi niko naona vitambaa. Vya maua, vya mistari, vinapita mbele yangu kama mutu anavifungua sokoni. Miaka tatu sasa. Sijamuambia mutu, hata bibi yangu, Mama Faida. Niliogopa mutanifungia mulango.”

Mama Léo naye alikuwa akilisikia kwa mara ya kwanza. Jumatano zote zile aliuliza habari za usingizi na chakula, hili hakuuliza kamwe. Joël akaenda kuiweka kamba jikoni, akamletea mgeni kiti.

Agosti ile Mama Feza alipasuliwa hapa Kasongo, na watoto wenye nguo nyekundu hawakuonekana tena. Alilalamika kidogo, kwa sababu walikuwa na adabu kuliko wajukuu wake. Na Fundi, siku waliporudi kutoka Lusangi, aliomba ashushwe nyumbani kwanza. Alimweleza mkewe kila kitu. Mama Faida alicheka, kisha akamuuliza kama kati ya vitambaa hivyo kimo kimoja kinachomfaa yeye.

Baada ya hapo tuliongeza swali la nne, kama anaona vitu ambavyo wengine hawavioni, na tunaliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza umri. Wengi hutulia hapo hapo, wakijua kwamba hawako peke yao.

Mama Léo ana upungufu wake. Mwandiko wake unasomwa na yeye na Mungu. Humfokea yeyote anayemshika asiyeona mkono bila kumsemesha kwanza, hata akiwa mgeni wa heshima. Anamwachia kazi mwenzetu Mounira, ambaye amefanya naye kazi chumba kimoja kwa miaka sita na amekwisha kurithi kufoka huko. Fundi ataendelea na benchi lake.

Mama Léo anarudi Kabambare kwa dada yake Arlette, ambako kuna shamba la karanga linalomngoja na ndugu wengi wa kusimuliana nao. Tulimwomba Fundi atupe maneno ya kuandika hapa kuhusu yeye. Tulitegemea mengi, maana siku hizi ni msemaji. Alifikiri, akasema:

“Andikeni alikosea, halafu akarudi. Wengi wanakosea na hawarudi.”

Tumeandika, Fundi. Mama Léo, asante kwa miaka yako, kwa miguu yako iliyotembea hadi kwenye mikeka ya watu, na kwa kutufundisha sisi kuketi. Safiri salama, barabara ikukubali, karanga zikujibu vizuri, na siku zako huko Kabambare ziwe nyingi na njema.

Hervé, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo