Muuguzi Aliyelifungua Tena Faili la Waisiko

Leo, tarehe 30 Juni, Muuguzi Scholastica Nchagwa anatimiza miaka thelathini na sita ya utumishi na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno matamu. Nitajaribu, lakini nina hasira, na yeye ndiye aliyenifundisha kutoificha.

Alianza kazi mwaka 1990 katika zahanati ya Nyansurura, msichana mwembamba mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe. Huko alimrudisha diwani mwisho wa foleni ya chanjo, mtoto mkononi, akimweleza kwamba surua haijui cheo. Diwani alinung'unika hadi kampeni zilizofuata. Baadaye alihamia Kerende, kisha akaletwa kwetu, hospitali ya Tarime, wodi ya watoto, na hapo amekaa miaka kumi na tisa.

Miaka miwili iliyopita Nyangi alimleta binti yake Waisiko, mwenye miaka mitano, figo zimejaa mawe. Wengi wetu tulilaumu maji ya kisima. Scholastica alikataa, kwa kuwa dada wa mtoto huyo alikuwa amefariki kwa dalili zilezile. Aliwasumbua madaktari mpaka vipimo vikafanyika. Kumbe ugonjwa ulianzia kwenye ini: lilikuwa likitengeneza chumvi iliyozidi, nayo ikigeuka mawe kwenye figo. Kumpa figo peke yake kungekuwa kudeki sakafu huku paa linavuja. Wapo watoto wanaopandikizwa ini na figo siku moja. Kwa Waisiko, mwili ulikuwa umejaa chumvi mno, hivyo wataalamu walipanga ini kwanza, kisha asafishwe damu kwa mashine, halafu figo.

Hapa naungama kosa langu, mimi Rubeni wa masjala. Mokami, mwanamke mjane asiye na mtoto wa kiume, alimwoa Nyangi kwa ng'ombe, kama mila yetu Wakurya inavyoruhusu, ili nyumba yake ipate warithi. Watoto wa Nyangi ni wa Mokami. Basi kwenye fomu ya rufaa, sehemu ya baba, niliandika Mokami bila hata kusita. Ofisi ya rufaa ilipomwita baba apimwe kama anaweza kumtolea mtoto kiungo, akatokea bibi wa miaka sitini na sita. Wakaandika kwa wino mwekundu kwamba fomu imeghushiwa! Mtoto anavimba uso, wao wanatafuta mwizi. Miezi mitano ikapotea, na hakuna aliyeomba radhi mpaka leo.

Scholastica aliwafuata mara nne kuwaeleza ndoa yetu, kisha akaenda kwa Mokami. Jackson, aliyezaa na Nyangi, kimila hatajwi wala hadai mtoto. Kumwita ni kuitikisa nyumba nzima. Scholastica alimwamkia shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akasema wazi kwamba Nyangi hawezi kutoa ini na figo vyote viwili. Mokami akajibu: "Mwiteni huyo Jackson. Wazee watanisema, basi waniseme. Mtoto abaki hai."

Jackson akaja, fomu ikasahihishwa, na mwaka jana, huko India, Nyangi alimpa mwanawe kipande cha ini, nalo likashika vizuri. Tulishangilia. Wiki tatu baadaye ofisi ileile ikafunga faili, kwa maelezo kwamba mtoto amekwisha kupandikizwa. Amepandikizwa nini? Nani aliwaambia ini linatengeneza mkojo? Waisiko na mama yake wakapanga chumba Mwanza, mara tatu kwa wiki kwenye mashine, miezi tisa, huku figo ya Jackson ikiwa imepimwa na kukubaliwa. Kuna watu wanaojua kufunga faili kuliko kulisoma, na bado wanaitwa watumishi wa umma.

Scholastica aliandika barua kumi na moja, zote nikazichapa mimi. Ya kumi na mbili aliipeleka mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la korido ya ofisi hiyo siku mbili na chupa yake ya uji, akimwamkia kila anayepita na kumtajia jina la mtoto, hadi faili likafunguliwa tena.

Tarehe ya upasuaji ikapangwa: 1 Julai. Aliomba kumsindikiza mgonjwa wake, akajibiwa kwamba siku hiyo hatakuwa mtumishi tena, hivyo hana kibali cha safari. Hakubishana. Alichukua likizo yake ya mwisho, akafunga begi.

Ndiyo maana, ndugu wafanyakazi, kiti cha mbele hakina mtu. Msimtafute nje. Yuko India pamoja na Nyangi, na kesho asubuhi Waisiko na Jackson wanaingia chumba cha upasuaji.

Mama Scholastica, asante kwa kila mtoto uliyemkatalia kufa kimyakimya. Tunakuombea uzee wenye afya, shamba lenye mavuno na usingizi usiokatizwa na zamu. Hotuba tumezisogeza mbele na vitenge vyako vya zawadi tumevifungia kabatini. Hatutakuaga leo. Rudini kwanza wote wanne.