Zadock Godhana, Fundi Aliyeziba Kila Ufa

Ndugu, majirani na wapendwa, nasimama kwa niaba ya jamaa, mimi Charity, kifungua mimba wake.

Mzee wetu Zadock Godhana alizaliwa hapa Ngao tarehe 14 Machi 1971, akasoma hapa hapa hadi darasa la nane mwaka 1987, akaingia ujenzi, na tarehe 7 Desemba 1996 akafunga ndoa na mama yetu Dinah, wakajaliwa mimi na Danson.

Mnamjua: kila mafuriko yakipungua alizunguka na karai la udongo, akiziba nyufa za nyumba zenu bila kuitwa, hata akigombana na wenye nyumba, kwani kwake ufa ulioachwa wazi ulikuwa aibu ya fundi.

Mwaka 2021 alipata kazi Garsen, kwenye jengo la ghorofa nne lililovishwa matofali kwa nje, matofali ya kila ghorofa yakibebwa na chuma chake, na chini ya kila chuma iliachwa nafasi ya upana wa kidole, ije ijazwe mpira laini, kwa sababu matofali huvimba na zege hunywea. Baba aliiona nafasi ile, akaona kazi chafu, akaijaza simiti ghorofa zote, na mkandarasi akamsifu.

Aprili 2025 ukuta ulianza kufura juu ya kibanda cha chai cha Bi Hasina. Injinia alipomweleza kwamba simiti ile iliyanyima matofali nafasi ya kuvimba, ndiyo maana yanasukumwa nje, baba hakula siku hiyo. Mwenye jengo alimwambia asubiri, lakini wapi! Tarehe 6 Mei alimhamisha Bi Hasina na mabirika yake, mama wa watu akilalamika kwamba anafukuziwa wateja, kisha akapanda na tindo, akaanza kuikwangua simiti yake kutoka juu, na alipofika ghorofa ya pili matofali yakamporomokea.

Hospitalini aliuliza jambo moja tu, kama chini kulikuwa na mtu, nami nikamjibu kwamba hapakuwa na mtu. Alitutoka tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, mafundi wenzake mliomfukua kwa mikono, na Bi Hasina, ambaye ndiye ametupikia chai matanga haya yote.

Mwenye jengo, nakuona hapo mbele, ahsante kwa shada. Ghorofa ya kwanza bado ina simiti ya baba, na watu wanapita chini. Ifunge njia ile leo, kabla hujafika nyumbani kwako.

Baba, pumzika. Hatutamwacha mtu apite pale.