Kidole cha Mwanvua

Wasikilizaji wapendwa, acheni vyungu kidogo, sogeeni karibu na redio. Leo namkumbuka citoyenne, yaani mwananchi, Mwanvua, mama wa samaki wakavu wa hapa Dilala, Kolwezi. Tulimzika juzi. Matangazo ya rambirambi yamejaa mezani kwangu, na mengi yametoka kwa watu waliokataa hata kumsalimu. Nitayasoma, kazi ni kazi. Lakini kwanza mtanisikiliza.

Mwanvua alikuwa mke wa marehemu Masudi, aliyecheza judo kwenye klabu ya wafanyakazi wa mgodi. Alipoanza kupanda treni ya Dilolo na samaki wake, Masudi aliingiwa na wasiwasi. Akamfundisha jikoni, kati ya ndoo na sufuria. Alimwonyesha kibonde kilicho nyuma ya taya, chini ya sikio. Bonyeza pale kwa kidole gumba, kwa nguvu, na anayekukaba atalegeza mikono. Atalegeza tu. Haanguki, hafi. Wewe unakimbia. Hilo la kukimbia Masudi alilirudia mpaka bukari, ugali wetu, inaungua chini ya sufuria.

Mwaka wa sabini na tisa, ndani ya treni, mwanaume mmoja alimkaba mama mmoja, muuzaji mwenzake Mwanvua, ili amnyang'anye mzigo. Alivaa sare gani mwanaume huyo? Sisemi. Nina watoto. Mwanvua alimshika kichwa, akambonyeza chini ya sikio. Bwana mkubwa alilia kama mbuzi, akaachia, na akina mama wakakimbilia behewa lingine na mizigo yao.

Lo! Kufika Kolwezi, habari imegeuka: Mwanvua ana dawa kidoleni. Wanawake wakajaa uani kwake, wanataka wachanjwe chale za hiyo dawa.

"Hapana dawa, bamama," akawaambia. "Ni mushipa tu. Kila mutu iko nayo. Jibonyezeni na kidole yenu, mutasikia."

Hawakutaka. Walitaka kidole chake. Akiwabonyeza yeye, wanaruka kwa maumivu: "Si munaona? Dawa iko na nguvu!" Hata mmoja hakujaribu kwa kidole chake mwenyewe.

Aliyemuumiza zaidi ni Shida, mdogo wake. "Yaya, dada yangu, unanificha? Mi na weye tulitoka tumbo moya!" Mwanvua alimsihi, akamlilia. Wapi! Shida alikwenda Sandoa, mganga akamchanja chale kwenye kidole gumba. Akarudi anacheka, anatembea peke yake popote.

Siku moja, njia ya soko, mwizi akamtokea na kisu. Waliokuwa mbali waliona. Shida alimgusa mwizi kifuani kwa kile kidole, akasimama, akingoja aanguke. Njia nyuma yake ilikuwa wazi. Nasema tena: njia ilikuwa wazi. Hakukimbia. Alingoja tu, mpaka kisu kikamwingia.

Mkamlaumu nani? Mwanvua! Mkasema amemla mdogo wake, amempa dawa mbovu. Samaki wake wakakosa mnunuzi, wakaoza. Mama yule aliyeokolewa kwenye treni alikuwa akivuka barabara kila akimwona. Mwanvua alikufa akiitwa mulozi, mchawi, na hiyo inaniuma, sitawadanganya.

Binti yake, Zena, ameniambia hivi: "Ile siku ya kumuosha mama, nilibaona bale bamama. Banageuza kidole yake, banatafuta chale. Bakakosa. Bakaangalia kidole ingine. Bakakosa. Kisha ndio balianza kulia."

Zena, dada, pole. Poleni jamaa wote wa Mwanvua na wa Shida. Mungu awapokee.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla sijasoma majina yenu mazuri, fanyeni jambo moja. Weka kidole chako, chako wewe, chini ya sikio, nyuma ya taya. Bonyeza. Bonyeza vizuri.

Umesikia? Basi, hilo ndilo alilokuwa anatuambia.