Reino Haapala na Kichupa Kilichokataa Kugeuka Rangi

Wasikilizaji wapendwa, kama bomba la jikoni liko wazi, lifungeni kidogo mnisikilize. Kwa miaka thelathini na mmoja, maji ya kahawa ya mji huu yalipita mikononi mwa Reino Haapala. Reino amefariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na minne. Aliendesha mtambo wetu wa maji. Na kila masika alipokea mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho kutoka sekondari yetu, aje ajifunze kazi.

Sitawadanganya. Reino hakuwa mtu wa maneno matamu. Wapo wanafunzi waliotoka pale wakaenda kulia garini. Mmoja ni Jolene Tervo. Haya amenisimulia yeye juzi, kakaa hapa mbele yangu, hata koti hajavua.

Ni miaka kumi na tisa sasa. Jolene alikuwa na miaka kumi na saba. Karatasi ya masharti ya shule aliijua kwa kichwa. Ufike kwa wakati. Ukishindwa kufika, piga simu shuleni na kazini, kote kuwili. Andika saa zako kila siku, siyo mwisho wa wiki. Msimamizi atie saini. Saa mia moja na ishirini. Bila saini, saa hazihesabiki. Bila saa, hakuna cheti cha kumaliza shule.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Saa moja asubuhi achote maji kwenye kichupa, atie unga wa dawa, atikise. Maji yakigeuka waridi, klorini imo. Asome kipimo, aandike daftarini. Sifuri nukta nane. Kesho yake, sifuri nukta nane. Wiki tano nzima, sifuri nukta nane.

Basi Alhamisi moja ya Aprili, Jolene akaandika vipimo vya siku mbili kwa mpigo, cha leo na cha kesho, bila kupima hata kimoja. Ijumaa ilikuwa siku ya dansi ya shule, na alitaka kuwahi kutengenezwa nywele. "Nilijiambia itakuwa ileile tu," anasema.

Ijumaa Reino alikuwa kwa daktari wa meno. Jolene akafika, akafungua daftari, akakuta namba ya leo imeshakaa, kwa mwandiko wake. Akalifunga. Akatoka, akaingia garini, akatia ufunguo. Hakuwasha.

"Akilini ikanijia picha," anasema. "Nilimwona mama nyumbani anajaza birika."

Akarudi ndani. Akachota. Akatia unga. Akatikisa. Maji yakabaki meupe kama yalivyotoka bombani. Akamwaga, akaosha kichupa, akarudia. Meupe. Mara ya tatu, meupe vilevile.

Daftari lilisema sifuri nukta nane. Kichupa kilisema sifuri. Hakuna aliyemwona. Alibakiza saa kumi na nne tu za mafunzo. Akapiga simu kwa daktari wa meno.

Reino akaja na nusu ya mdomo imekufa ganzi, mate yanamtoka.

"Daftari linasemaje?"

"Sifuri nukta nane."

"Na maji?"

"Sifuri."

"Kaandika nani?"

"Mimi. Jana."

"Jana! Kumbe shule imeniletea mtabiri. Hebu nitabirie na hili jino, litapona lini?"

Reino hakucheka. Pampu ya dawa ilikuwa ikivuta hewa badala ya klorini tangu alfajiri. Akaifungua, akaitengeneza, akapiga simu ofisi ya afya, akataja jina lake mwenyewe. Saa tatu asubuhi, redio hii hii iliwatangazia mchemshe maji kwa siku mbili. Jolene alilisikia tangazo jikoni kwao. Mama yake akabandika sufuria, akasema, "Hivi hao watu wa maji huwa wanalala?" Jolene akausukuma mkate pembeni. Dansi hakwenda.

Hakuna aliyeugua. Narudia: hakuna aliyeugua. Lakini Jumatatu Reino alitakiwa kurudisha fomu ya tathmini shuleni, na siku zile tatu mtoto wa watu hakuonja usingizi.

Bi Ardis, mke wa Reino, anakumbuka: "Alikaa na ile fomu Jumapili mchana kutwa. Nikamwambia, 'Baba, si umsamehe tu huyo mtoto?' Akanijibu, 'Kumsamehe nimeshamsamehe. Fomu haiulizi hilo.'"

Jumatatu Reino akampa Jolene kalamu. Alimkataza kufuta. Apige mstari mmoja tu, ili ile namba ya uongo iendelee kusomeka, kisha aandike ukweli pembeni na herufi za mwanzo za jina lake. Halafu akamwonyesha fomu: "Alhamisi aliandika vipimo ambavyo hakuvipima. Ijumaa alinipigia simu mwenyewe. Saa za siku hizo mbili sizitii saini. Atazirudia kwangu."

"Kwako?" Jolene akauliza.

"Sasa nimsukumie nani uzembe huo? Shika kichupa. Saa moja imeshapita."

Alizirudia. Alipata cheti. Leo mtambo ule anauendesha yeye.

Jumatatu hii, saa kumi na mbili asubuhi, Jolene alipitia hospitali kabla ya kazi. Reino hakuwa amesema neno tangu Jumamosi. Akafumbua macho.

"Maji yamegeuka?"

Bi Ardis akamwashiria Jolene kwa kichwa: sema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo. Nanyi mngesema. Jolene akamshika mkono.

"Sijapima bado, mzee. Ndio kwanza naenda."

Reino akashusha pumzi. "Basi nenda. Utachelewa."

Hakusema tena.

Bi Ardis, watoto na wajukuu, poleni sana. Mji mzima uko nanyi. Mazishi ni Jumamosi saa nne, kanisa la Kilutheri, na kahawa itakuwepo ukumbini chini.

Na nyinyi wanafunzi mlio na zile karatasi mwaka huu, leo mtulie kidogo mumkumbuke mzee huyu. Ukishika kalamu uandike namba ambayo hujaiona, ngoja kwanza. Mama yako anajaza birika.